Uzinduzi wa Gata la Mawemawe

Ilikuwako nchi, ipo mpaka leo, na kwa jinsi inavyopenda sherehe sidhani kama itapata nafasi ya kufa. Jina lake msiniulize. Nilipopita huko, bango la mpakani lilikuwa limeteremshwa likapakwe rangi, maana mpaka wenyewe ulikuwa unangoja kuzinduliwa.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: jambo lisilozinduliwa halipo. Kisima kinaweza kujaa maji mpaka yakamwagika, lakini kama hakuna mheshimiwa aliyekikatia utepe, kile si kisima, ni tetesi. Wananchi wanachota tetesi, wanapikia tetesi. Barabara iliyokwisha kutengenezwa hufungwa kwa miiba hadi mwenye mkasi apatikane, hata kama mwenye mkasi amekwama njiani kwa kukosa barabara. Mimi sikuona ubaya wowote. Nilikuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu hula alichopewa.

Katika wilaya ya Mawemawe ya nchi hiyo alikuwako Afisa Mambo ya Kale, Bwana Anselmi Lupogo, mtu mpole, mnene kwa kadiri ya cheo chake, mwenye suti moja ya kazi na nyingine ya uzinduzi. Alikuwa amekabidhiwa mambo ya kale mawili tu: kanisa la mawe lililoko kilimani, na faili la kanisa hilo. Alilipenda zaidi faili, kwa kuwa halikuvuja.

Kanisa lenyewe lilijengwa na mababu wa mababu. Mawe yalishikamanishwa kwa udongo na chokaa, juu yakawekwa vigae, na chini ya vigae likapitishwa gata la bati la kupokea maji yasiingie ukutani. Ukuta wa namna ile hauna ugomvi na mtu, ugomvi wake ni na maji. Kwa hiyo tangu zamani, mvua zilipokaribia, waumini walipanda ngazi, wakazoa majani ya mikaratusi yaliyoziba gata, wakashuka, wakanywa togwa, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi hata kuipa kazi hiyo jina. Ndipo Serikali ikalipenda kanisa. Ikalitangaza kuwa Urithi wa Taifa, ikapiga marufuku mtu yeyote kuligusa bila idhini, na tangu siku hiyo kanisa likaanza kuoza kwa mujibu wa sheria.

Yote haya yasingetokea kama Padri Tarsisi, paroko wa Mawemawe, asingekuwa mtiifu. Majani yamejaa, mawingu yanakuja. Mwingine angepanda ngazi kimyakimya na kumwachia Mungu siri. Yeye akapiga simu ofisini kwa Anselmi.

"Afisa, naomba idhini ya kuzibua gata la kanisa."

Sasa, simu za nchi ile zilikuwa zimezinduliwa mara nyingi mno hata zikachoka. Halafu Anselmi alikuwa na andazi mdomoni, na andazi la saa nne lina kelele zake. Alichosikia ni kwamba Padri anaomba kuzindua.

"Kuzindua?" akauliza, moyo ukimruka.

"Ndiyo, kuzibua. Na iwe mapema, mvua zisitukute."

"Padri! Siku zote hizi ulikuwa wapi? Hilo si la kwangu, hilo ni la juu!"

Padri alishangaa kidogo kusikia kwamba majani ya mkaratusi yana wenyewe huko juu. Lakini alikuwa mtu wa imani, akashukuru.

*

Huko juu palikuwa na njaa. Waziri wa Uzinduzi na Mambo ya Kale, Mheshimiwa Profesa Balthazari Kitindi, alikuwa amemaliza kila kitu. Alikuwa amezindua mlango mpya wa wizara, kisha kitasa chake, kisha ufunguo, na sasa mkono ulikuwa unamwasha kwa kukosa mkasi. Habari za gata zilipomfikia alisimama kitini. Gata! Hakuna waziri yeyote katika historia ya taifa aliyewahi kuzindua gata. Redio ikatangaza kabla ya chakula cha mchana.

Anselmi akavaa suti yake ya uzinduzi, ingawa siku ilikuwa bado, akapanda kilimani kulitazama gata jipya. Akalitafuta upande wa mashariki, akalitafuta upande wa magharibi. Alichokiona ni gata lilelile la zamani, limejaa majani mpaka juu, na katikati ya majani umeota mpapai mdogo wenye afya njema.

"Liko wapi hilo gata, Padri?"

"Si hilo hapo juu yako."

"Hili? Hili limeziba!"

"Ndiyo maana nikaomba kulizibua," alisema Padri Tarsisi. Akamtazama afisa, akaitazama suti, na uso wake ukabadilika. "Zi-bu-a, Bwana Anselmi. Kuondoa uchafu. Wewe ulisikia nini?"

Anselmi naye akaitazama suti yake. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza. Angeweza kusema palepale, "Nimekosea, Padri, tusaidiane."  Badala yake akasema atashughulikia.

Na kweli alijaribu, tusimwonee. Alimpigia Mkuu wa Itifaki wa wizara, Bwana Kipenga, mtu ambaye alikuwa na sauti ya kunong'ona hata anapofoka.

"Mzee, kuna neno limepinda kidogo."

"Lilipomfikia Mheshimiwa lilikuwa limepinda?"

"Hapana, mzee. Lilikuwa limenyooka."

"Basi limepindia kwako," alinong'ona Kipenga. "Nilinyooshe mimi, au utalinyoosha mwenyewe?"

Anselmi alikumbuka mwenzake wa wilaya ya jirani, aliyewahi kunyooshewa neno. Siku hizi alikuwa akilinda mnara uliozinduliwa katikati ya nyika, mnara wenyewe haujajengwa. "Liko sawa, mzee," alisema. "Nilikuwa napima simu." Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia, na mwanaharamu akaingia, akaketi.

*

Kikosi cha Itifaki kilifika kuandaa gata. Kwanza kiliamuru mtu asiondoe hata jani moja kabla ya siku yenyewe, maana likizibuliwa mapema Mheshimiwa atazindua nini? Kisha kikalipaka gata rangi za taifa, majani yakiwa humohumo. Mpapai ulisamehewa kwa kuwa ulikuwa wa kijani, na kijani kimo katika bendera. Mwisho kikaleta jiwe la uzinduzi, marumaru nzito yenye jina la Waziri na vyeo vyake, kikatafuta mahali penye hadhi. Vyeo vilikuwa vingi, jiwe likawa pana, na mahali pekee lilipoenea ni kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji. Likapachikwa hapo kwa saruji.

"Sasa maji yatapita wapi?" aliuliza Padri Tarsisi.

"Maji hayamo katika ratiba," alijibu Kipenga.

Mvua za kwanza zikanyesha bila mwaliko. Maji yaliingia katika gata, yakakuta majani, yakaenda kwenye bomba, yakakuta vyeo. Yakarudi, yakatafuta njia ya wanyonge, yakaingia ukutani. Ukuta wa kusini ukaanza kunywa. Baada ya siku chache ulikuwa umetokeza katikati, na ukiuwekea kiganja uliona udongo laini ukitoka na maji, kama uji.

Anselmi aliuona. Alikuwa akipanda kilimani kila asubuhi kuutazama, na kila asubuhi tumbo la ukuta lilikuwa limesogea mbele kidogo. Alimwonyesha Kipenga.

"Ukuta umeota kitambi, mzee."

"Kitambi ni dalili ya neema. Katika nchi yenye njaa ungekonda."

"Kwaya imepangwa kusimama chini yake. Hatuwezi kuihamishia upande wa pili?"

"Upande wa pili kuna mwanga mbaya wa televisheni," alinong'ona Kipenga, akamshika bega. "Bwana Lupogo, mbona ukuta huu unakujua sana? Una nini nao?"

Alikuwa na mama. Mama Veridiana, mama yake mzazi, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya Mawemawe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mtoni. Alibatizwa katika kanisa lile, akafunga ndoa humo, na humo akamuaga marehemu mumewe. Anselmi aliutoa mkono wa Kipenga begani, akashuka kilimani.

Siku moja kabla ya sherehe, Anselmi akila chakula cha mchana nyumbani kwa mama yake, mama aliweka tonge chini.

"Anse, nikuulize. Ule ukuta wa kusini ni mzima?"

"Kwa nini, mama?"

"Jana tukifanya mazoezi chokaa imenidondokea kichwani. Wenzangu wanaogopa. Wengine wanasema kesho tuimbie nje, hata kama tutafungwa. Mimi nikawaambia, ngojeni nimuulize mwanangu. Yeye ndiye msomi wa mawe, hawezi kunidanganya."

Mlenda ulimkwama kooni, na mlenda si chakula cha kukwama. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema, hapakuwa na Itifaki, hapakuwa na simu, alikuwapo mama yake na bakuli. Aliufikiria ule mnara wa nyikani. Aliifikiria suti. Aliona aibu, na aibu ikamtuma vibaya.

"Ni mzima, mama. Umekaguliwa."

"Basi yamekwisha," alisema mama, akachukua tonge. "Nikawatulize."

*

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mbele waliketi wageni, nyuma wananchi, na upande wa kusini, bega kwa bega, walisimama wanakwaya katika vitenge vyao vipya, migongo imeuelekea ukuta. Milangoni walisimama vijana wa Itifaki, maana kwa desturi ya nchi ile hakuna atokaye kabla ya mgeni rasmi. Mtu aliyezidiwa na haja alitakiwa kuzidiwa kwa uzalendo.

Mheshimiwa Profesa alipanda kwenye mimbari.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza, gata ni nini? Nami nawajibu: gata ni nini?" Makofi. "Wakoloni walituletea mvua, hawakutuletea gata!" Makofi tena. "Mimi nasema, kuanzia leo, kila tone la nchi hii litajua linakokwenda!"

Anselmi hakusikia hotuba. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, macho yake yamebandikwa ukutani. Nyuma ya kichwa cha mama yake uzi wa mchanga ulikuwa ukimiminika taratibu kutoka kati ya mawe mawili. Ukakatika. Moyo wake ukatulia. Ukaanza tena, mnene zaidi, na jiwe dogo likatoka, likadunda sakafuni miguuni mwa wanakwaya. Mmoja wao alitazama juu akamgusa Mama Veridiana. Mama akageuka, si kuutazama ukuta, bali kumtazama mwanawe kule kwenye nguzo. Akamtikisia kichwa yule mwenzake: tulia, kasema ni mzima. Wakanyooka, wakatazama mbele.

Anselmi alisukumana na watu hadi kwa Kipenga. "Mzee, ukuta unaanguka. Tuwatoe watu."

"Ratiba inasema hotuba, kisha wimbo, kisha utepe."

"Utatuua wote!"

"Kwa mpangilio," alinong'ona Kipenga.

Ukuta ukatoa sauti. Haikuwa kubwa, ni mlio wa chini kama wa mtu mzima anayejinyanyua kitini, lakini Anselmi aliusikia mpaka kwenye meno. Akaona hakuna tena cha kuomba wala wa kuombwa. Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, na kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo akaita:

"Mheshimiwa sasa anakwenda kuzinduaaa!"

Katika nchi ile neno hilo halina mpinzani. Watu wote walisimama kwa pamoja. Tarumbeta zikalia nje. Mheshimiwa Profesa alikuwa katikati ya sentensi, lakini miguu yake ilikuwa na miaka mingi serikalini. Ilishuka mimbarini ikaelekea mlangoni, naye akaifuata. Vijana wa Itifaki wakafungua milango wenyewe. Wageni wakatoka, wananchi wakamwagika, wengine kupitia madirishani, wakigombea kuuona mkasi.

Kwaya haikusogea. Kwa desturi, mgeni rasmi anapotoka kwaya hubaki ikimsindikiza kwa wimbo. Mama Veridiana akainua mkono, na chini ya ukuta unaomwaga udongo wakaanza kuimba.

"Mama, tokeni!" Anselmi alipiga kelele, lakini sauti zao zilikuwa zimejaa kanisa. Akakimbia kati ya mabenchi, akawafikia, akakosa la kusema litakalowatoa watu waliokwisha kuambiwa kwamba ukuta ni mzima. Kisha akalipata.

"Kwaya nayo inazinduliwa!"

Wimbo ukakatika. Wanawake wale walikuwa wameimba tangu usichana wao, wameimbia maaskofu, maiti na maharusi, na kumbe kwa sheria ya nchi hawakuwapo. Wakatazamana. Wakakusanya vitenge vyao, wakatoka haraka. Mama Veridiana alibaki nyuma akiokota vitabu vya nyimbo.

"Acha vitabu, mama!"

"Vya kanisa hivi, niviache vilowe?"

Akamshika mkono, akamvuta kwa nguvu ambazo mtu hapaswi kumvutia mama yake. Walipovuka kizingiti ukuta wa kusini ulikaa chini. Uliketi, ndivyo walivyosimulia waliouona, polepole kama mzee aliyechoka kusimama, na paa likaja juu yake. Vumbi likatoka milangoni na kukutana na mvua.

*

Hakuna aliyekufa. Hilo naliandika mapema, maana gazeti la serikali lilichelewa kidogo kulithibitisha.

Watu walisimama chini ya turubai lililofungwa nje kwa ajili ya kukata utepe, na mbele yao Mheshimiwa, mkasi mkononi, anatazama mahali palipokuwa na gata. Utepe ulikuwa chini ya vigae. Kipenga akamnong'oneza. Mheshimiwa akakohoa, akauinua mkasi, akakata hewa.

"Natamka kwamba ukuta huu," alisema, "umeanguka rasmi!"

Makofi yakaanza mbele, kwa mazoea, yakaenea nyuma. Mheshimiwa alipata nguvu. Akaeleza kwamba zipo nchi ambako kuta huanguka ovyo, usiku, bila kiongozi kuwapo. Akamsifu afisa wa wilaya aliyeyapanga yote kwa wakati wake, akaagiza aletwe mbele avishwe nishani. "Yuko wapi Bwana Lupogo?"

Bwana Lupogo alikuwa kwenye mvua, suti ya uzinduzi imemgandama mwilini. Mama yake alikuwa amesimama mbele yake, vitabu vya nyimbo kifuani, na wanakwaya nyuma yake. Hakuwa analia. Angelia, ingekuwa nafuu.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilisikia vibaya, mama. Padri alisema kuzibua, mimi nikasikia kuzindua. Ilikuwa bahati mbaya."

"Kusikia vibaya ni kwa binadamu," alisema Mama Veridiana. "Siku uliyosikia vizuri, ulimwambia nani?"

Kipaza sauti kililiita jina lake mara ya pili. Kutoka chini ya turubai Kipenga alikuwa akimpungia mkono, nishani inametameta kwenye mto wa bluu. Anselmi alitazama kule, akatazama nyuso za wale wanawake waliotulizwa kwa neno lake, na akaona kwamba wanangoja jibu, na kwamba wataendelea kungoja.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Nilijua, nikakudanganya."

Mama yake aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuujua uzito wake. Akavikabidhi vitabu kwa mwenzake, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaenda kwenye kifusi. Akainama, akachomoa jiwe, akaliweka kando kwenye nyasi. Wanakwaya wakamfuata. Padri Tarsisi akavua joho, naye akaingia.

"Jamani!" kilipaza kipaza sauti. "Jamani, uokotaji wa mawe bado haujazinduliwa! Tafadhali, rudini chini ya turubai! Ratiba inaendelea!"

Hakuna aliyegeuka. Hata wananchi wa nyuma wakaanza kutoka mmojammoja, wakivua viatu. Wale vijana wa Itifaki walitafuta milango ya kusimamia wasiione.

Anselmi alivua koti. Alisogea mpaka alipokuwa mama yake. Akainama, akachukua jiwe lililokuwa karibu, jiwe refu lililochongwa ubavu mmoja, akasimama nalo asijue pa kuliweka.

Mama Veridiana hakumtazama usoni. Alilitazama jiwe.

"Hilo ni la dirishani," alisema. "Weka kule peke yake. Usilichanganye."